Bluu waliihangaikia, weusi je? Kuhusu filamu ya King of Jazz

Mwisho wa filamu ya King of Jazz, yaani Mfalme wa Jazz, ile ya studio ya Universal ya Marekani ya mwaka 1930, kuna chungu. Chungu kikubwa kweli, kinafuka mvuke, na makundi ya watu yanakuja moja baada ya jingine na mavazi ya kwao na nyimbo za kwao, Waingereza wanapita, Waskoti na zumari zao za mfuko, Waayalandi, Waitaliano, Wahispania, Warusi, wote wanaishia chunguni, halafu Paul Whiteman mwenyewe, kiongozi wa bendi, yule bwana mnene mwenye kisharubu chembamba, anakoroga. Anakoroga weee mpaka vinaiva, na kinachotoka humo tunaambiwa ndo jazz, muziki mpya wa Marekani. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyetiwa chunguni. Wala Mmarekani mweusi.

Ugomvi wote unaanzia hapo. Kila filamu hii ikionyeshwa tena, na tangu ilipokarabatiwa mwaka 2016 imeonyeshwa sana, watu wanagawanyika. Wapo watetezi wanaosema hii ni hazina, acheni kuisumbua, na wapo wakosoaji wanaosema filamu hii ilichukua muziki wa watu ikawaacha wenyewe mlangoni. Mimi nimekaa nayo, nimeiangalia mara tatu sasa, mara ya tatu nikiwa na daftari pembeni, na niseme mapema kwamba wakosoaji ndo naona hawasikilizwi. Wakifungua tu mdomo wanajibiwa kana kwamba wamesema mkanda uchomwe moto. Hawajasema hivyo. Wanasema kitu kingine na nitajaribu kukieleza ninavyokielewa mimi, ila kwanza niwatendee haki watetezi maana na wao wana hoja, tena nyingine nzito.

Filamu yenyewe haina hadithi. Ni rivyu, yaani onyesho la vipande kama yale yaliyokuwa yanajaza kumbi za Broadway, New York, miaka ya 20: wimbo, dansi, kichekesho cha dakika moja, dansi tena, mapambo ya kukutoa macho, kisha kitu kingine kabisa. Universal walikuwa wamemsaini Whiteman, ambaye wakati ule ndiye kiongozi wa bendi aliyejulikana kuliko wote Marekani, wakamleta California na bendi yake nzima katikati ya mwaka 1929, na walipofika hakukuwa na hadithi ya kumpa. Wanamuziki wakakaa wanalipwa bila kupiga picha hata moja. Mwisho wake akaletwa John Murray Anderson, mtu wa jukwaani hasa, aliyejijengea jina na rivyu za Greenwich Village Follies, na yeye hakujisumbua kutafuta hadithi, akafanya kile alichokijua, rivyu, ila sasa mbele ya kamera.

Na kwa kweli alifanya kazi. Kuna piano moja humo, sijui niielezeje, ni kubwa kama nyumba, wapiga piano watano wamekaa kwenye kinanda kimoja, kifuniko kinafunguka na okestra nzima ya Whiteman imo ndani ya tumbo la piano. Kuna Joe Venuti na fidla yake na Eddie Lang na gitaa, watu ambao ukizisikia rekodi zao leo bado unatikisa kichwa. Kuna kijana mmoja kwenye kundi la watatu linaloitwa Rhythm Boys, hiyo ndo mara yake ya kwanza kwenye filamu ndefu, jina lake Bing Crosby. Kuna katuni ya Walter Lantz, katuni ya kwanza yenye sauti ya Technicolor, ule mfumo wa kupiga filamu za rangi. Herman Rosse aliyesanifu mandhari yote hiyo alipata Oscar. Gharama ilikaribia dola milioni 2, na mwaka 2013 filamu ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa inayosimamiwa na Maktaba ya Congress. Ilipotoka haikurudisha hela, lakini hilo halihusiani na ugomvi wetu, watu walikuwa wameshachoka na filamu za muziki zilizomwagwa sokoni mwaka mzima uliotangulia, na mdororo wa uchumi umeshapiga hodi.

Kwa hiyo mtu akisema ni hazina, simbishii. Hazina ni hazina.

Watetezi wana hoja ya pili ambayo naiona nzuri zaidi ya hiyo, nayo ni kuhusu neno lenyewe, jazz. Wanasema unamhukumu Whiteman kwa maana ya neno ambayo imekuja kukazwa baadaye, miaka ile jazz ilikuwa karibu kila muziki wa dansi wenye mdundo mpya, na okestra yake ya fidla na saksafoni ilikuwa na haki ya kuitwa hivyo kama nyingine yoyote. Na sisi watu wa huku hatuwezi kuipuuza hoja hii hata kidogo. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa inapiga nini? Tabora Jazz je? OK Jazz ya Franco kule Kinshasa? Magitaa, rumba, mdundo ambao mtu wa New Orleans angeusikia angeuliza jazz iko wapi hapa, na bado jina ni letu, hakuna anayetuambia tulirudishe. Neno lilisafiri, likavaa nguo za kila mji lilikofika. Basi kama tunajiruhusu sisi, inabidi tumruhusu na Whiteman kuliita jazz lile alilokuwa analipiga.

Halafu kuna Duke Ellington, kiongozi wa bendi mweusi na mmoja wa wakubwa wa jazz. Huyu akiongea kuhusu jazz unakaa chini unasikiliza, na uzeeni aliandika kwamba hakuna aliyelibeba jina lile la mfalme wa jazz kwa uhakika na heshima kumzidi Paul Whiteman. Na kuna William Grant Still, mwanamuziki mweusi, aliyekuwa anampangia Whiteman muziki wa vipindi vyake vya redio mwaka huohuo wa 1929. Na ni Whiteman aliyemwagiza mtunzi George Gershwin amwandikie Rhapsody in Blue, ikapigwa mara ya kwanza New York tarehe 12 Februari 1924, kazi ambayo dunia haijaacha kuipiga. Kwa hiyo mtu anayemchora Whiteman kama mwizi aliyejificha kichakani hajamsoma. Alikuwa mwanamuziki, aliwaheshimu wanamuziki.

Hadi hapo mimi na watetezi tunaenda njia moja. Tunapoachana ni kwenye sentensi ambayo lazima itokee, kila mara inatokea, ndo maana nimekaa kuandika: zama zile hali ilikuwa hivyo. Msiangalie mambo ya 1930 kwa macho ya leo. Walikuwa hawawezi kufanya vingine.

Hawawezi. Neno hilo ndo linanikwaza, na kinachonikwaza zaidi ni kwamba filamu yenyewe inalijibu, tena kwa rangi.

Sikiliza. Technicolor ya wakati ule haikuwa Technicolor tunayoijua ya kina Judy Garland kwenye The Wizard of Oz mwaka 1939. Ilikuwa ya rangi mbili tu, nyekundu na kijani. Kamera ilikuwa inagawa mwanga, sehemu inakwenda kwenye picha ya wekundu, sehemu kwenye picha ya kijani, kisha vinarudishwa pamoja kwenye mkanda mmoja. Ukipiga nywele za rangi ya machungwa zinatoka vizuri ajabu, ngozi ya mtu inatoka, majani yanatoka kwa namna yake. Bluu haitoki. Haimo kwenye mtambo, kama vile kutafuta chumvi kwenye chai. Ukimvisha mtu gauni la bluu ya kweli mbele ya kamera ile inarudi kitu kingine.

Na wao kipande chao kikuu, kile ambacho kila mtu angelipa tiketi kukisikia, kinaitwa Rhapsody in Blue. Bluu iko kwenye jina!

Hebu fikiria umekaa kwenye kile kikao. Una kamera isiyoona bluu na una wimbo unaoitwa bluu. Mtu wa kawaida angesema basi, hali ndo hiyo, tutaipiga kwa rangi iliyopo, watu wataelewa, zama zenyewe ndo hizi. Rosse na Anderson hawakusema hivyo. Walikaa wakafanya majaribio ya vitambaa na rangi za kupaka, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinapigwa picha kinaangaliwa kimetoka nini kwenye mkanda. Wakagundua kwamba wakiifanya mandhari yote ya nyuma kuwa kijivu na fedha, bila rangi nyingine yoyote ya kushindana, basi kijani fulani chenye ubaridi machoni pa mtazamaji kitasomeka kama bluu. Wakaongeza vichujio vya mwanga ili vivuli navyo vipate ulaini. Ukiiangalia kwenye nakala iliyokarabatiwa utaona rangi ambayo aliyekulia pwani anaijua, ile ya maji mafupi asubuhi kabla jua halijapanda, si bluu si kijani, na klarineti inapanda juu kama king'ora kinacholia, na jicho linakubali. Linasema sawa, hii ni bluu. Nimeirudia sehemu hiyo nikiwa najua kabisa kwamba bluu haipo, na bado jicho likakubali.

Narudia kulisema hili maana naona watu wanalipita haraka wakitaja kama kituko cha ufundi. Si kituko, ni ushahidi. Watu hawa walikabiliwa na kitu ambacho hakiwezekani, hakiwezekani kabisa kwa maana ya fizikia, na wakakifanyia kazi mpaka kikawezekana, kwa sababu walikitaka. Walitaka bluu. Na si bluu tu, walitaka na watu wa nchi nyingine wajisikie wamekaribishwa, maana filamu hii ilitengenezewa matoleo tisa ya lugha za kigeni, kila moja na mshereheshaji wake, lile la Kihungari akiwa Bela Lugosi, kabla hata hajawa Dracula kwenye sinema. Mtu wa Budapest alifikiriwa. Akatafutiwa mtu wa kumwambia karibu kwa lugha yake.

Sasa niambie, kumweka mwanamuziki mweusi mbele ya kamera kulihitaji majaribio gani ya kitambaa?

Walikuwepo. Hawakuwa mbali wala hawakuwa wamejificha. Rivyu za weusi zilikuwa zimeshaitikisa Broadway miaka tisa kabla, Shuffle Along ya Noble Sissle na Eubie Blake ilianza 1921 ikapigwa mara 504, na Blackbirds of 1928 iliyokuwa na Bill Robinson ikafika 518. Hiyo ni idadi ya maonyesho ambayo wengi wa wazungu wenye rivyu zao walikuwa wanaiota tu. Mwaka 1929, mwaka uleule ambao bendi ya Whiteman imekaa California inasubiri hadithi, mpiga tarumbeta mweusi Louis Armstrong alikuwa Broadway kwenye Hot Chocolates na nyimbo za Fats Waller, na mmoja wa nyimbo za rivyu ile, jamani, unauliza nimekosa nini mpaka niwe mweusi na bluu hivi, ukimaanisha mweusi wa ngozi na mwenye majeraha ya kipigo na huzuni. Weusi na bluu, pamoja, kwenye wimbo mmoja, mwaka huohuo. Ellington mwenyewe alikuwa anapiga klabu ya Cotton Club, New York, tangu Desemba 1927, redio inamrusha nchi nzima. Na yule Still aliyekuwa anampangia Whiteman muziki alikuwa amepiga obo kwenye okestra ya Shuffle Along, yaani Whiteman hakuhitaji hata kutafuta anwani, njia ya kwenda kwa watu wale ilikuwa inapita kwenye meza yake mwenyewe.

Watetezi wenye kujua historia wana jibu hapa, na ni jibu zuri kuliko lile la zama zile. Wanasema tatizo halikuwa mtu mweusi kuonekana, tatizo lilikuwa mweusi na mweupe kuonekana pamoja. Wenye majumba ya sinema majimbo ya Kusini wasingekubali. Na ni kweli, ushahidi upo na unauma: mwaka huohuo wa 1930 bendi ya Ellington ilitiwa kwenye filamu ya Check and Double Check, na kwa kuwa wanamuziki wake wawili, Barney Bigard na Juan Tizol, walikuwa na ngozi nyeupe kidogo, wakapakwa weusi ili mtazamaji asije kudhani bendi imechanganya. Huo ndo woga uliokuwepo. Siupuuzi. Studio yenye dola milioni 2 mezani inaogopa.

Lakini hapo ndo rivyu inapotofautiana na filamu nyingine zote, na hili sijaona likisemwa vya kutosha. Filamu ya hadithi ina shida, ukimtia mtu ndani inabidi akutane na wenzake, wazungumze, wakae meza moja. Rivyu haina shida hiyo. Ni vipande. Kipande hiki hakimjui kile. Waskoti wa kwenye chungu hawakuhitaji kuzungumza na Warusi. Kama kuna aina moja ya filamu ambayo hata kwa sheria zao mbaya za wakati ule ingeweza kumpa mwanamuziki mweusi dakika nne za peke yake na kisha kuendelea, basi ni hii, na Hollywood ilikuja kufanya hivyohivyo miaka ya 40, mwimbaji mweusi Lena Horne akiimba kipande kilichosimama peke yake kwenye filamu za studio ya MGM ili kikifika Kusini mkasi upite bila kuharibu hadithi. Ni unyonge, najua, sisemi ulikuwa utaratibu wa heshima. Nasema mlango ulikuwepo. Na filamu zenye waigizaji weusi watupu zilikuwa zimeshatengenezwa na studio kubwa mwaka mmoja kabla, Hearts in Dixie ya Fox na Hallelujah ya MGM, na filamu fupi pia, Bessie Smith akiimba kwenye St. Louis Blues na Ellington kwenye Black and Tan, zote 1929. Hallelujah ilipata tabu kwenye baadhi ya majumba, kweli. Ila ilitengenezwa, na ipo, tunaiona.

Kwa hiyo "hawawezi" inakuwa ngumu kuisimamisha. Waliweza bluu.

Na sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani hata wakosoaji wenyewe mara nyingine wanakikosea. Wengi wanasema filamu hii iliisahau Afrika. Laiti ingeisahau. Filamu haijaisahau Afrika hata kidogo, imeitaja mara mbili, waziwazi.

Mara ya kwanza ni mwanzoni kabisa, kwenye katuni. Mshereheshaji anataka kutueleza Whiteman alipataje kuwa mfalme wa jazz, na hadithi yenyewe ni kwamba alikwenda kuwinda Afrika. Simba anamkimbiza, risasi hazisaidii, anatoa fidla anapiga, simba analainika anaanza kucheza, msitu mzima unacheza, mpaka tumbili juu ya mti anarusha nazi, nazi inamtwanga Whiteman kichwani, panavimba, na uvimbe unakaa umbo la taji. Ndo amevikwa. Angalia vizuri wanachosema hapo. Taji limepatikana Afrika. Kwa maneno ya filamu yenyewe, ufalme wote huu wa jazz chanzo chake ni Afrika, na katika Afrika hiyo aliyemvika ni tumbili. Na wakati wasanii wa Lantz wanachora hayo wakiwa wamekaa mezani California, Hollywood nyingine ilikuwa huku huku kwetu kwa miguu yake, MGM walikuwa wanapiga picha za Trader Horn mwaka 1929 Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, wanazungukwa na watu kila siku, watu wenye majina. Kwamba Afrika ina watu lilikuwa jambo linalojulikana vizuri sana mjini kule.

Mara ya pili ni kabla tu ya Rhapsody. Whiteman anatuambia kwamba jazz ilizaliwa misitu ya Afrika kwa mdundo wa ngoma za vudu, kisha mchezaji aitwaye Jacques Cartier, ambaye si Mwafrika, anatokea amevaa kama chifu na kucheza juu ya ngoma kubwa ajabu, kivuli chake kinarushwa nyuma yake kikubwa kuliko yeye. Tuache kwamba vudu ni habari ya Haiti na Louisiana na mizizi yake ni Afrika Magharibi, wameyachanganya yote. Ila maneno wameyatamka. Wamesema ilikozaliwa.

Halafu tunafika kwenye chungu, na mzazi hayupo.

Ndo maana nasema hii si habari ya kutojua. Mtu asiyejua unamsamehe, unamwelimisha mnaendelea. Hapa wanajua mwanzoni, wanajua katikati, na mwishoni wakati wa kugawa sifa, wakati wa kusema hawa ndo waliochangia, kila taifa na wimbo wake, orodha inasomwa na jina halisomwi. Afrika imeingia kwenye filamu kama mahali, msitu, simba, nazi, ngoma, kivuli. Kama watu haimo. Ni sawa na harusi ambayo kila aliyetoa mchango anatajwa kwenye kipaza sauti, wa sahani anatajwa, wa viti anatajwa, na mama aliyembeba bibi harusi tumboni yuko nyuma ya ukumbi amesimama, na kila mtu ukumbini anamfahamu.

Sasa wakosoaji wanataka nini? Nimewasoma wengi na sijakutana na anayetaka filamu ifungiwe. Wanachotaka ni kwamba ikionyeshwa, anayeionyesha asimalizie na "zama zile". Wanataka katuni ionyeshwe na chungu kionyeshwe, visikatwe, na Hot Chocolates na Blackbirds zitajwe kwenye pumzi ileile, maana zile hazikupigwa picha. Uchungu wangu mkubwa uko hapo hasa. Ya Whiteman ilipokatwakatwa na kutawanyika, watu wakaja kutafuta mikanda yake kipande kwa kipande, wakaiunganisha, wakaisafisha, wakairudishia rangi yake, mpaka leo tunaweza kubishana kuhusu kivuli cha kijani nyuma ya piano. Maonyesho 504 ya Shuffle Along hakuna wa kuyakarabati. Hakuna mkanda. Miguu ya Florence Mills jukwaani, aliyekuwa nyota wa onyesho lile akafa 1927 akiwa bado kijana, hakuna maktaba ambako utaiona. Rivyu ya wazungu iliyoshindwa kurudisha hela ipo kwa rangi, na rivyu ya weusi iliyojaza ukumbi mwaka mzima na zaidi ipo kwenye maneno ya waliohadithiwa. Mtu akilinganisha hayo mawili akasikia kitu kifuani, sio kwamba anaangalia 1930 kwa macho ya leo, anaangalia leo yenyewe, anaangalia kilichopo rafuni na kisichopo.

Na Whiteman? Mimi sina ugomvi naye binafsi, na nikimsoma Ellington namwamini. Inawezekana kabisa mtu akawa mwanamuziki wa heshima na filamu iliyobeba jina lake ikawa na deni, vyote viwili vikae. Uamuzi wa nani aingie chunguni ulipita mezani pa wengi, studio, wasambazaji, Anderson, yeye mwenyewe. Ila mwiko wa kukorogea ulikuwa mkononi mwake, na sura inayotabasamu juu ya mvuke ni yake.

Kuna kitu kimoja kimebaki, na nilikikuta ile mara ya tatu nikiwa na daftari, mara mbili za mwanzo kilinipita. Kwenye kipande kimoja katikati ya filamu, mbali na simba na ngoma na chungu, Whiteman amekaa na suti yake nyeupe na mapajani pake amepakata mtoto wa kike mweusi, umri wake labda miaka sita. Ndiye mtu mweusi pekee kwenye filamu nzima. Anatabasamu, tena tabasamu la kweli la mtoto aliyefurahi, na Technicolor ile ya rangi mbili isiyoweza bluu imemtoa vizuri kabisa, uso wote unaonekana, macho yanaonekana. Nilisimamisha picha hapo. Hakuimba, hakuongea, na nilipobonyeza iendelee alikuwa ameshapita.